Mti wa Nyumbani na Mti wa Mlimani

Mtu akiulizwa kama anapenda miti, hujibu upesi kwamba anaipenda. Akiulizwa ni mti upi, hunyamaza kidogo, kisha hutaja mmoja: mwembe wa shuleni, mnazi uliosimama karibu na kaburi la baba yake, mkuyu wa njia panda. Kati ya jibu la kwanza na jibu la pili iko tofauti ambayo kwa muda mrefu sikuiona, na nilipoiona ilinisumbua. Jibu la kwanza halina gharama. Jibu la pili lina gharama, walakini si kila mara mwenye kupenda ndiye anayeilipa. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulichungua, na sina njia ya kulichungua ila kwa kueleza habari ya mti mmoja.

Nilizaliwa katika wilaya ya Ngara, ambako vilima hufuatana kama migongo ya ng'ombe washukao mtoni, na ambako mto Ruvubu huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Magharibi tunapakana na Rwanda na Burundi. Mashariki iko Biharamulo, nchi ya mapori marefu, ambayo msafiri wa zamani aliyapita akihesabu siku. Lugha yetu ya Kihangaza ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, hata mtu wa ng'ambo ya mto akisema polepole hatuhitaji mkalimani. Msomaji akumbuke jambo hili, maana lina kazi yake mbele.

Mbele ya nyumba ya babu yangu palikuwa na mti wa jamii ya mkuyu ambao ng'ambo ya mto huuita umuvumu. Hapa nitauita mvumu. Mti huu haukupandwa uwe mti. Ulichimbiwa ardhini uwe nguzo ya ua, babu alipojenga mji wake wa kwanza akiwa kijana. Mvumu una tabia hiyo: tawi nene likikatwa na kusimamishwa ardhini wakati wa mvua hutoa mizizi, na baada ya miaka ua hugeuka safu ya miti. Ndiyo sababu katika Rwanda na Burundi mahali palipokuwa makao ya wafalme wa kale huweza kutambulikana kwa miti mikubwa isimamayo upweke, ambayo wenyeji huiita ibigabiro. Nyumba za nyasi zimeoza, enzi zimepita, na yaliyobaki kushuhudia ni maboriti ya ua. Babu hakuwa mfalme. Katika nguzo zake zote ilisalia moja, nayo ikamzidi kimo, kisha ikaizidi nyumba.

Chini ya mti huo kahawa ilianikwa, maneno ya mirathi yalisemwa, na wageni ambao bado haijajulikana kama ni wa heri au wa shari walikalishwa kwanza. Mbuzi walikula majani yake wakati wa kiangazi. Babu aliupunguza matawi kila mwaka, wala hakuona kwamba anaudhuru. Naona ni lazima kulisema hili mapema, kwa sababu watu wengi wa siku hizi hudhani kwamba kuutunza mti ni kutougusa. Jirani zetu wa Uganda wana mti wa jamii hiyo hiyo waitao mutuba, ambao gome lake hutolewa na kupondwa liwe nguo. Nguo hiyo ilivaliwa Buganda na hata Uhaya kabla ya pamba kuenea, na mwaka 2005 ufundi wake ulitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu. Fundi amalizapo kuuvua mti gome lake, hulifunga shina kwa majani ya mgomba, kama afungwavyo mtu mwenye jeraha, mpaka gome jipya liote. Mti mmoja huvuliwa hivyo mara nyingi katika maisha yake. Mkono uchunao ndio ufungao kidonda, na sioni unafiki katika jambo hilo. Naona ujirani: nipe nikupe ya miaka mingi, ambamo kila upande unajua udhaifu wa mwenziwe.

Basi, nikiulizwa uhusiano wa mtu na mti umeundwa kwa nini, nitajibu kwamba haukuundwa kwa umilikaji. Pwani na Unguja mtu aweza kuwa mwenye minazi katika ardhi ya mtu mwingine, na hati ya ardhi isimpe mwenye ardhi hata dafu moja. Uhaya kuna mmea wa mipaka uitwao mlamula, na jina lake ni ndugu wa neno la kuamua. Mmea huo husimama kati ya mashamba mawili, si wa huyu wala wa yule, na wote wawili huuheshimu. Wachaga nao wana sale, ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba radhi. Katika mifano hii yote mmea una nafasi katika maisha ya watu kwa sababu wanaufahamu, wanauita kwa jina, na wameupa neno la kusema. Kufahamiana kumetangulia, haki ya kumiliki imekuja nyuma, na wakati mwingine haikuja kabisa.

Nilipokuwa kijana ningeiishia insha yangu hapo, nikafurahi. Nisingekuwa nimesema uongo. Lakini ningekuwa nimeacha nusu ya kweli, na nusu hiyo nilifundishwa nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Ilitangazwa wakati ule kwamba katika muda wa saa ishirini na nne wamevuka kiasi cha robo milioni. Mto chini yao ulikuwa ukichukua maiti. Miongoni mwa waliovuka walikuwako waliokimbia kifo, na walikuwako waliokileta, na kwa macho ya mtoto wote walibeba magodoro na masufuria ya namna moja. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina kutoka kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, kisha zikafuata kambi nyingine katika Ngara. Ghafula wilaya yetu ya wakulima wa migomba na kahawa ilikuwa na miji isiyo na matofali hata moja, na kila mtu katika miji ile alihitaji kupika.

Watu walipewa mahindi na maharagwe makavu. Maharagwe makavu ni chakula kizuri, ila yanahitaji moto wa saa nyingi. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, mahitaji yalipokuwa makubwa mkoani Kagera zilichomwa zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Misitu iliyoguswa ilifika kilometa za mraba 570, na katika hizo 167 zilikwanguliwa vibaya. Hesabu hizo nilizisoma nikiwa mtu mzima. Nilichokiona mtotoni ni kwamba mlima uliokuwa na nywele ulianza kunyolewa kutoka chini kwenda juu, na kila juma mstari wa upara ulipanda kidogo.

Alfajiri moja babu alisikia panga. Alitoka, nami nikamfuata. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amelikata tawi la mvumu, nusu limekatika na nusu linaning'inia, na utomvu mweupe unatiririka. Alipotuona hakukimbia. Nadhani alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza. Babu hakupaza sauti.

"Mama," alimwambia, "mti huu hauwaki. Utakupa moshi tu, na mtoto atakohoa."

"Najua, mzee," akajibu. "Kwetu uko."

Sisahau jibu lile. Kwetu uko. Hakuwa mtu asiyeujua mti aliokuwa akiukata. Alikuwa na wake, ng'ambo ya mto, labda nao ulikuwa nguzo ya ua, na kuufahamu hakukuuzuia mkono. Babu alisimama kitambo, kisha akaniagiza nimletee mzigo wa kuni kavu kutoka nyuma ya jiko. Akampa. Na kwa kuwa tawi lilikuwa limekwisha haribika, alilimalizia kulikata yeye mwenyewe, akampa nalo, akasema litamfaa kwa kusimamisha kibanda.

Habari ingekuwa nzuri kama ingekoma pale, na kwa muda mrefu jamaa zangu waliisimulia hivyo: mzee aliyeokoa mti wake bila kumdhulumu mgeni. Lakini habari haikukoma. Mwanamke yule alirudi, akaja na wenziwe, na babu aliyekwisha kutoa mara moja hakuweza kukataa mara ya pili. Kuni zile kavu hazikuota nyuma ya jiko. Zilitoka mlimani, na aliyezileta ni mimi na ndugu zangu, kwa shoka la nyumbani. Kila mzigo tuliotoa ili mvumu usiguswe ulikuwa mti wa mlimani ambao sisi watoto hatukujua hata jina lake. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alituona siku moja tukishuka na mizigo akasema, "Laiti mlima nao ungekuwa na mzee wake."

Mimi naliona neno hilo la bibi kuwa ndilo swali lote la maadili ya miti. Upendo wa babu kwa mti wake ulikuwa wa kweli. Na kwa kuwa ulikuwa wa kweli, ulikuwa wa mti mmoja. Ulipojaribiwa, ulipata njia ya kujiokoa, na njia hiyo ilipita juu ya miti isiyo na rafiki. Tusimlaumu mzee kwa haraka. Nani kati yetu asiyefanya hivyo? Mtaa wenye miti mizuri aghalabu hupika kwa mkaa uliochomwa katika pori ambalo hakuna mwenye mtaa aliyelikanyaga. Tunaipenda miti yetu, na kuni tunazitoa kwingine.

Katika kambi lilijaribiwa jambo ambalo kwa fikira zangu lilistahili kufikiriwa zaidi kuliko lilivyofikiriwa. Baadhi ya miti ilitiwa rangi shinani iwe alama kwamba isikatwe. Ni jambo dogo, rangi na brashi. Lakini mti uliopakwa rangi si mti wowote tena. Umekuwa mti fulani. Ni kama kumpa jina mtoto aliyeokotwa. Mwenye panga husita mbele yake, na kusita ndiko mwanzo wa kila adabu. Wangari Maathai ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2006, kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kuokota kuni za mgumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Mgumo ule haukuwa na mwenyewe aliyeupanda, lakini ulikuwa na jina na hofu iliyouzunguka, na kijito kilitoka karibu na mizizi yake. Hofu ilipokwisha uliangushwa, na kijito kikakauka. Mlima wetu haukuwa na Mungu wa namna hiyo wala brashi ya kuutosha.

Najua liko jibu jingine, nalo limeandikwa katika mabango tangu tukiwa shuleni: kata mti, panda mti. Sina ugomvi na kupanda. Kambini vilianzishwa vitalu vya miche, wakimbizi kwa wenyeji wakapewa miche wapande, na nimewaona kwa macho yangu watu waliochota maji kwa foleni ya nusu siku wakimwagia mche uliofika magotini. Watu hao walijua kwamba hawatakaa chini ya kivuli chake. Mwezi Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na daraja la Rusumo likajaa tena, safari hii kwa upande wa pili. Kwa nini mtu anayengoja kuondoka humwagilia mti? Nimejiuliza sana. Huenda aliagizwa, huenda alilipwa kitu kidogo. Lakini niliona mmoja aliyeuzungushia mche wake miiba ili mbuzi wasiule, na hakuna aliyemwagiza miiba.

Kasoro ninayoiona katika msemo wa mabango ni ya hesabu. Msemo unachukulia kwamba mti ni kama shilingi: nikikopa moja nikarudisha moja, tumemalizana. Mvumu wa babu usingerudishwa kwa mkaratusi, wala pori lisingerudishwa kwa mistari ya mikaratusi elfu, ijapokuwa mkaratusi ni mti wa faida na wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha zake. Aliyekata na kupanda amefanya mambo mawili, moja baya na moja zuri. La pili halilifuti la kwanza kama mpira wa penseli.

Wako watakaoniuliza kama si aibu kuandika habari za miti kuhusu mwaka ambao watu waliuawa kwa maelfu ya maelfu. Nililiogopa swali hili kiasi cha kuiahirisha insha kwa miaka. Silinganishi mti na mtu. Mwanamke yule na mtoto wake, mradi wana njaa, walikuwa na haki juu ya kila mti wa Ngara, pamoja na wetu, na kama ingehitajika kuuangusha mvumu mzima ili mtoto ale, sharti uangushwe, na babu angelia peke yake. Lakini haki ya kukata haiondoi wajibu wa kujua ni nini kimekatwa. Mwenye dhiki husamehewa, naye hujua kwamba amesamehewa. Mimi niliyekuwa na shibe, niliyepanda mlimani na shoka kuulinda mti wetu, sina dhiki ya kuitaja.

Pengine mti usio na rafiki hauna mlinzi ila sheria. Mashariki yetu mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo nayo yaliumizwa na kuni na mitego ya miaka ile, yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Nafurahi kwamba yapo. Sheria ina jambo ambalo upendo hauna: haichagui. Huulinda mti mzuri na mti mbaya, wenye jina na usio nalo. Lakini nayo ina upungufu wake, kwa kuwa haimfahamu mtu wa kando ya pori ila kama mwizi anayetazamiwa, na mtu aliyetazamwa hivyo kwa muda mrefu huacha kuyaita mapori yale kwa majina yao. Husema tu, "pale kwa serikali." Wasukuma, ambao wengi wao wamehamia Biharamulo na ng'ombe zao, walikuwa na desturi ya ngitili, sehemu ya malisho iliyofungwa kwa masika na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanzishwa Shinyanga mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo, na nchi iliyokuwa karibu kuitwa jangwa ilirudisha miti bila kupandwa mingi. Ngitili ni sheria, ila ni sheria yenye wazee wanaojulikana kwa majina na kijiji kinachojua mwanzo na mwisho wake. Katika mambo niliyoyasoma, hilo ndilo lililo karibu zaidi na alilolitamani bibi.

Nilirudi nyumbani miaka mingi baadaye. Babu amekufa. Mvumu upo, na mahali pa tawi lililokatwa pana kovu pana kama sahani, limejikunja midomo. Mlima nao umeanza kupata nywele, kwa sababu miti mingi ya porini, shina likikatwa na mizizi ikiachwa, huchipua tena, kama moto haukupita na kama shoka halikurudi. Hakuna aliyeipanda. Iliachwa tu, na nilipopanda kuitazama nilikuwa na mjomba aliyenifundisha majina, nami nikayaandika daftarini kama mtoto wa darasa la kwanza, nikiona haya kidogo.

Tulishukia upande wa mahali palipokuwa kambi. Sasa ni mashamba. Vibanda havikuacha alama, isipokuwa kwamba hapa na pale kati ya maharagwe na mihogo umesimama mvumu, si mkubwa, mahali ambapo hakuna aliyepanda ua. Mmoja ulikuwa katikati ya shamba la mtu, nao ulikuwa ukiyanyima maharagwe jua kwa kivuli chake, hata majani yake yalikuwa ya manjano. Mwenye shamba alikuwa akipalilia. Tulimwamkia, akatujibu, tukakaa naye kupumzika kivulini. Nikamwuliza mti ule ni wa nani.

"Nimeukuta," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hajaukata, nao unamharibia mazao. Alinitazama kana kwamba nimelirudia swali lile lile.

"Si nimekuambia," akasema, "nimeukuta."